Kwanini damu ya kupima matende inachukuliwa usiku? Uzi wa saa ya mwili, watu wa zamu za usiku piteni hapa

Hadubini (mwanzisha uzi)

Wakuu salama humu?

Wale mliokulia Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara mtakuwa mnawakumbuka wale watu wa afya waliokuwa wanaingia kijijini usiku na taa zao wanatoboa watu vidole. Watoto mnaambiwa hao mumiani, kimbieni ndani. Sasa hawakuwa mumiani, walikuwa wanatafuta minyoo ya matende na mabusha, na kuja kwao kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane huko haikuwa kwamba mchana wana shughuli nyingine. Mchana hao vitoto vya mnyoo, maikrofilaria, kwenye damu ya kidole huvikuti au unakuta kimoja kwa bahati. Vimejichimbia kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku ndo vinatoka kuja kwenye damu ya huku nje karibu na ngozi, muda ule ule ambao mbu wake anakuja kunywa.

Mimi ni mtu wa maabara, hii kitu nimeiona kwa macho. Mgonjwa mmoja, damu ya mchana slaidi safi kabisa. Damu yake huyo huyo ya saa sita usiku, ukiweka tone bichi chini ya hadubini, kabla hujamuona mnyoo unaona kwanza chembe nyekundu zinasukumwa huku na huku zinatawanyika, afu ndo unamuona anajinyonganyonga katikati yao. (Siku hizi kuna vipimo vya kijiti vinaonyesha hata kwa damu ya mchana, kwahiyo vijana wa maabara wa sasa wengi hawajakesha kwa ajili hiyo.)

Sa swali. Mnyoo aliyeko ndani ya mwili wa mtu, gizani, amejuaje kwamba huku nje kumekuchwa?

Patrick Manson, daktari wa Kiskoti aliyekuwa Amoy kule China miaka ya 1870, ndo aliyefuatilia hii tabia ya minyoo kuja usiku. Afu mwaka 1881 kule London kuna daktari anaitwa Stephen Mackenzie akafanya kitu rahisi sana, akachukua mgonjwa mwenye hiyo minyoo akamgeuzia ratiba, alale mchana akeshe usiku. Baada ya siku kadhaa minyoo nayo ikageuka, ikawa inatoka mchana. Yani mnyoo hasomi jua wala hasomi saa ya ukutani. Anasoma mwili wa mwenye nyumba. Mwili wenyewe ndo una majira.

Na hapo ndo uzi wangu unapoanzia, mana watu wengi wanadhani usingizi ni suala la kuchoka tu. Umechoka unalala, hujachoka hulali. Ingekuwa hivo mtu aliyekesha lindo usiku mzima angefika nyumbani saa mbili asubuhi akalala mpaka jioni bila kugeuka. Wote mnaofanya zamu mnajua saa sita mchana jicho limeshatoka, unaangalia bati.

Ndani ya ubongo, chini kabisa huko kwenye haipothalamasi, juu kidogo ya pale mishipa miwili ya macho inapopishana, kuna kikundi cha seli kama 20,000 hivi. Ukilinganisha na ubongo mzima ni punje. Hiyo ndo saa kuu. Inaamua joto la mwili lipande lini lishuke lini, homoni ya kortisoli imwagike lini (ndo maana fomu ya kipimo cha kortisoli lazima iandikwe muda damu ilipotolewa, kipimo cha asubuhi na cha usiku ni majibu ya watu wawili tofauti), melatonini (homoni inayouambia mwili usiku umeingia) ianze kutoka lini jioni, njaa, mkojo, presha, vyote. Afu kila kiungo, ini, figo, moyo, misuli, nacho kina saa yake ndogo inayofuata ile kubwa.

Na hiyo saa haihitaji jua ili itembee. Mfaransa mmoja, de Mairan, mwaka 1729 alichukua mmea wa jamii ya kifauongo akaufungia kabatini gizani, majani yakaendelea kufunguka asubuhi na kufunga jioni kama yuko nje. Mwaka 1962 Mfaransa mwingine Michel Siffre akajifungia yeye mwenyewe kwenye pango milimani huko Alps miezi miwili, hana saa, hana redio, anapiga simu juu akiamka na akienda kulala basi. Siku wanamtoa tarehe 14 Septemba yeye hesabu zake zinamwambia ni tarehe 20 Agosti. Kichwa kilipoteza karibu mwezi mzima. Lakini ukiangalia kulala na kuamka kwake, mwili ulikuwa unazunguka kwenye masaa 24 na nusu hivi, siku hadi siku, bila yeye kujua.

Inavotembea sasa. Ndani ya seli kuna jeni (kipande cha maelekezo ya urithi) linaloitwa piriodi, lilianza kuonekana kwa nzi wadogo wa matunda mwaka 1971. Jeni linatengeneza protini, protini inajaa jioni na usiku, ikijaa inarudi ndani inalizima jeni lenyewe, uzalishaji unakata, protini inavunjwavunjwa taratibu mpaka inaisha, jeni linawaka tena. Ni boya la simtanki tu mzee, maji yakijaa linafunga, yakitumika linafungua, tofauti ni kwamba hili boya linachukua karibu masaa 24 kwa mzunguko. Hall, Rosbash na Young walipewa Nobeli 2017 kwa kazi hii.

Kwa binadamu mzunguko wenyewe ni wastani wa masaa 24 na dakika kumi na kidogo. Sio 24 kamili. Maana yake kila siku lazima saa irekebishwe la sivyo inachelewa kidogo kidogo. Na kinachoirekebisha kuliko vitu vyote ni mwanga unaoingia machoni. Hiyo ndo hoja yangu kubwa humu: unalala saa ngapi ni swali la pili, la kwanza ni macho yako yanaona mwanga saa ngapi. Mwanga wa jioni na usiku wa mapema unaisogeza saa mbele ichelewe, mwanga wa alfajiri na asubuhi unairudisha iwahi.

Naishia hapa kwanza, maswali karibuni. Na mods msiupeleke kule jukwaa la tiba mbadala tafadhali.

Mtoto wa Chuda

Siti ya mbele, nimeagiza na kahawa na kashata

fundi_bomba

Boya la simtanki limenifikisha, umeandika kwa ajili yangu hahaha

Scania_113

Mkuu Hadubini shikamoo kama ni mkubwa. Mimi ni dereva wa malori, Dar Tunduma. Nikitoka na mzigo jioni, saa sita usiku pale Mikumi niko fresh kabisa, stori na utingo, matuta ya hifadhini nayahesabu. Ila ikifika saa tisa kuelekea saa kumi na moja, mara nyingi ndo niko Ruaha Mbuyuni naenda kuukabili Kitonga, hapo ndo kuna kitu kinanishika hata nielezeje hutaelewa. Sio usingizi wa kawaida. Macho yako wazi lakini barabara siioni, unashtuka umeshapita kibao hukukisoma. Utingo nae kashalala mdomo wazi. Afu cha ajabu kukikucha pale Iringa, na sijalala hata dakika moja, nachangamka kama nimezaliwa upya. Huwa nasema labda ni baridi ya Iringa. Hii ni nini?

Hadubini

Marahaba mkuu. Baridi inasaidia kidogo ila sio yenyewe. Umeuliza swali zuri kuliko maelezo yangu yote ya juu.

Kuna vitu viwili vinavutana ndani yako. Cha kwanza ni deni, kuna kemikali inaitwa adenosini, inalimbikizana kwenye ubongo kadiri unavokaa macho na inapungua ukilala. Kahawa yote kazi yake ni kuziba sehemu ambazo adenosini inakaa, deni lenyewe hailipi. Cha pili ndo saa. Saa inapiga kelele ya kukuamsha mchana kutwa, kelele inapanda mpaka jioni, usiku inanyamaza. Saa sita usiku Mikumi deni lako lipo ila kelele ya jioni bado haijazima sawasawa. Saa kumi alfajiri kelele imezima kabisa na deni liko juu, vyote viwili vinakulalia kwa pamoja. Joto la mwili muda huo liko chini kuliko muda wowote, kwenye saa kumi, saa kumi na moja. Kukikucha, deni liko pale pale, hujalipa hata senti, ila saa imeanza kupiga kelele, joto linapanda, kortisoli imemwagika, mwanga umeingia machoni. Unajiona mzima. Huo uzima wa Iringa usiuamini sana, wa kuazima huo.

Na sio wewe tu. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kule Ukraine kililipuka saa saba na dakika 23 usiku. Kinu cha nyuklia cha Three Mile Island Marekani 1979 kiliharibikiwa saa kumi alfajiri. Sisemi chanzo chake ni usingizi, mitambo ilikuwa na matatizo yake, ila waliotakiwa kufikiri haraka walikuwa kwenye muda mbovu kuliko wote. Hata pumu nyingi zinabana muda huo, waulize manesi wa wodini. Sisi maabara saa kumi ndo unaletewa maombi ya damu ya kuongezewa mgonjwa kutoka leba, haraka haraka, sa hapo unasoma jina kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, unasoma jina kwenye fomu, unarudi kwenye chupa, jicho limesoma lakini kichwa hakijapokea. Ndo maana mimi muda huo nasoma kwa sauti herufi moja moja na namuita mwenzangu asome nae. Wanaoingia zamu asubuhi wananiona kichaa.

Scania_113

Aisee. "Uzima wa kuazima". Afu bosi ndo anavopenda, anasema lala saa kumi na mbili jioni uondoke saa sita usiku, najilaza pale nageuka geuka, naishia kuangalia mpira. Anasema mimi mkaidi.

Hadubini

Sio ukaidi. Jioni, masaa mawili matatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, ndo saa inapiga kelele kuliko muda wowote wa siku. Muulize mtu yeyote aliyejaribu kulala saa moja jioni sababu ana safari ya alfajiri. Lala saa nane au saa tisa mchana, pale kuna kashimo kadogo ambako usingizi unakubali, nusu ya nchi inasinzia ofisini muda huo. Na ukiwa njiani ukianza kupita vibao bila kuvisoma, usipambane. Paki sehemu salama, kunywa kahawa kwanza halafu lala dakika 20, mana kahawa inachukua muda kufika kichwani itakukuta unaamka. NASA walijaribu kuwaruhusu marubani wapumzike dakika 40 kwa zamu, wakawa wanalala kama dakika 26 tu, na hiyo ilitosha kuonekana tofauti kwenye umakini wao. Ukiamka usiwashe gari hapo hapo, kaa dakika kumi kichwa kirudi.

Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mimi nikikata tiketi naangalia basi lina madereva wawili au la. Yule mmoja wa saa kumi simtaki hata awe bingwa.

Kichwa Ngumu

Sasa hapa ndo mnaponichosha. Mababu zetu walikuwa wanalala na kuku wanaamka na kuku, masaa nane mpaka kumi, hakuna cha saa ya ubongo wala nini. Haya magonjwa yote yameletwa na umeme na simu. Mzungu anaharibu afu anakuja kukufundisha ulivoharibika.

Hadubini

Kichwa Ngumu nilikuwa nakusubiri. Wa kulala na kuku hao ni wa kwenye hadithi.

Twende Ziwa Eyasi hapo hapo kwetu. Wahadzabe, hawana umeme, wanawinda na kuchimba mizizi. Watafiti waliwavalisha vifaa vya mkononi vinavyopima usingizi, wao na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, majibu yakatoka 2015. Hakuna anayelala jua likizama. Wastani ni masaa matatu na zaidi baada ya magharibi, wako kwenye moto wanapiga stori. Na usingizi wenyewe ni kama masaa sita, saba hivi, sio kumi. Wanaamka kabla jua halijachomoza, na wanalala pale baridi ya usiku inaposhuka, yani hata joto la hewa linahusika sio giza tu.

Kuna nyingine ya 2017 ndo ninayoipenda zaidi. Wahadzabe wazima 33, kama siku 20 hivi, wakahesabu ni muda gani kambi nzima ilikuwa imelala kwa pamoja. Dakika 18. Siku zote hizo ukijumlisha ni dakika 18 tu! Muda wote uliobaki kuna mtu yuko macho, mzee kaamka saa tisa anakokoa moto, kijana ndo kwanza hajalala. Watafiti wakasema huenda hii ndo faida yenyewe ya watu kuwa na saa tofauti, kambi haikosi mlinzi na hakuna aliyepangiwa zamu. Sa wewe unayemuita mwenzio mvivu kwa sababu anachelewa kuamka, miaka elfu kadhaa nyuma ndo aliyekuwa anakuangalizia fisi.

Kwenye umeme upo sahihi nusu. Tatizo naliona zaidi mchana. Mwanga wa nje hata ukiwa kivulini chini ya mwembe ni maelfu ya laksi (kipimo cha mwanga), ofisini na taa zote mia mbili mia tatu. Tunakaa ndani mchana kutwa kwenye kiza ambacho macho hayakioni kama kiza, afu usiku tunawasha. Saa haipati tofauti ya kueleweka. Simu nayo inasingiziwa kidogo, mwanga wake ni mdogo, kinachokukesha ni umbea uliomo ndani.

Kichwa Ngumu

Dakika 18 hapo umenigusa. Ila kwenye simu bado nabisha.

Mama Pacha

Hadubini asante kwa madini. Naomba nikuulize kama mama. Nina kijana form three, yuko bweni, likizo akija nyumbani analala saa nane usiku anaamka saa nne, tano. Baba yake hapo nyumbani hapakaliki, mtoto kaharibika, mvivu, anavuta bangi. Nimemkagua hana bangi.

Hadubini

Mama yangu mwache apumue kidogo. Kuanzia kubalehe mpaka kwenye miaka 20 saa ya mwili inachelewa yenyewe, melatonini inatoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto au kwa baba yake. Bweni kengele ya saa kumi na moja kwa mwili wake ni sawa na wewe kuamshwa saa tisa. Muhula mzima anadaiwa, likizo ndo analipa. Sio kwamba umwachie kila kitu, mwamshe saa tatu mtoe nje juani, afagie uwanja, afate maji, chochote kilichopo nje. Asubuhi ya nje inamrudisha kuliko kelele za usiku za "zima simu". Na mzee umwambie taratibu kwamba yeye mwenyewe umri unavyokwenda saa inazidi kuwahi, ndo maana saa kumi na moja yuko macho anatafuta mtu wa kugombana nae.

Mama Pacha

😂😂😂 hii ya mwisho naisoma kwa sauti leo

bi_kisauni

Mimi mjomba wangu haoni kabisa, macho yalitolewa yote mawili. Wiki nyengine yuwalala vizuri, wiki nyengine mchana wote yuwasinzia na usiku yuwakaa barazani hadi alfajiri. Tulidhani ni mawazo.

Hadubini

Pole bi mkubwa. Hiyo inajulikana, na ni ya saa hii hii. Kumbuka nilisema mzunguko wetu unazidi 24 kidogo na mwanga ndo unaurekebisha. Kwa asiyepata mwanga kabisa hakuna marekebisho, kila siku saa inasogea kidogo, wiki kadhaa iko sawa na wenzie, wiki kadhaa iko kinyume. Zaidi ya nusu ya watu wasioona kabisa wako hivyo.

Cha kushangaza kuna wasioona ambao saa zao ziko sawa. Mnamo 2002 ilithibitika kwamba nyuma ya jicho kuna seli nyingine tofauti na zile za kuonea, hazikuletei picha yoyote, kazi yake ni kupima mwanga na kupeleka taarifa kwenye ile saa. Zinapenda mwanga wa bluu bluu, wa mbingu. Mtu anaweza akawa amepoteza kuona lakini hizo zikabaki. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutotoa jicho ovyo ovyo hata kama halioni.

Mjomba apelekwe kwa daktari, kuna matibabu ya melatonini ya muda ule ule kila siku. Na nyumbani mpangieni muda wa chakula usiobadilika, ini lina saa yake na yake inafata chakula sana kuliko mwanga.

Abuu Toronto

Hapo kwenye chakula ndo sababu Ramadhani wiki ya kwanza mtu anakuwa zezeta, mlo wote umehamia usiku. Mimi niko Canada, naja Dar mwezi wa kumi na mbili inshallah, tofauti masaa nane. Mwaka jana nilikaa wiki nzima naamka saa nane usiku nasikiliza mbwa. Nikirudi Toronto ndani ya siku chache niko sawa. Kwanini kuja nyumbani ndo kugumu?

Hadubini

Kuja mashariki unailazimisha saa iwahi, kurudi magharibi unairuhusu ichelewe, na yenyewe kwa asili inapenda kuchelewa. Ndo hilo tu.

Ila kuna mtego. Saa yako ukishuka Dar bado iko Toronto. Ile saa kumi, saa kumi na moja alfajiri ambapo joto la mwili liko chini kabisa, kwa Dar ni saa sita, saa saba mchana. Mwanga unaoupata kabla ya hapo mwili unauona ni mwanga wa usiku, unakusogeza uchelewe, yani unakupeleka kinyume. Kwahiyo zile siku mbili za mwanzo usikurupuke asubuhi kwenda Kariakoo, kaa ndani kwenye kiza mpaka mchana, kuanzia saa nane toka nje kaa juani mpaka jioni. Kila siku unawahi kutoka kwa saa moja hivi. Ndugu watasema umekuja na maringo ya ulaya, vumilia.

Afu ukifika una bahati moja, hapa kwetu urefu wa mchana mwaka mzima haupishani hata saa moja. Jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili, linazama kwenye saa kumi na mbili. Huko kwenu Desemba saa kumi na moja jioni giza, saa haina cha kushika.

Abuu Toronto

Ndo kila mtu huku ana huzuni mwezi wa kwanza. Shukran sana.

nesi_wa_zamu

Mimi nimekaa kimya nasoma. Zamu za usiku za kutosha. Naomba majibu mawili. Moja, ni kweli tunapata kansa? Pili, nyumba yangu ni chumba na sebule, bati halina dari, jirani ana redio ya singeli, nalalaje mchana?

Hadubini

Kansa. Shirika la IARC ambalo ni tawi la WHO, mwaka 2007 liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la 2A, yani "huenda inasababisha". 2019 wakapitia upya wakaiacha pale pale. Kundi hilo hilo kuna nyama nyekundu. Sio sawa na sigara, sigara iko kundi la juu yake ambalo uthibitisho hauna shaka. Na kundi linaongelea uhakika wa ushahidi, halisemi ukubwa wa hatari. Usiache kazi kwa hilo, ila usimruhusu mtu akwambie zamu ya usiku ni sawa na ya mchana.

Kulala sasa. Ukitoka saa moja na nusu asubuhi jua la usoni ndo adui, linaiambia saa yako "kumekucha, anza". Kwenye daladala kaa upande usio na jua, vaa miwani ya giza, kofia. (Ila kama unaendesha mwenyewe pikipiki au gari acha miwani, bora jua likukeshe kuliko uingie chini ya fuso.) Kahawa ya mwisho isivuke saa nane usiku, nusu yake inachukua kama masaa matano kutoka mwilini, ya saa kumi alfajiri saa tatu asubuhi bado nusu ipo. Ukifika usianze kufua. Kula kidogo, lala saa mbili mpaka saa tano, sita kabla bati halijawaka, mana mwili unataka kushuka joto ndo ulale na bati la Dar saa saba halikubali. Dirishani piga blanketi zito sio pazia. Afu jioni kabla ya kuingia zamu jilaze tena saa tisa saa kumi. Usingizi wa vipande viwili ni usingizi, usijilaumu. Jirani wa singeli sina dawa, mpelekee ubwabwa siku moja umwambie kazi yako.

duka_la_dawa

Naongezea, watu wanakuja kuomba melatonini kama pipi. Ile sio dawa ya kukuangusha, ni taarifa kwamba usiku umeingia. Dozi ndogo kwa muda sahihi inaweza kusogeza saa kama dozi kubwa tu. Ukimeza muda mbovu unaisogeza vibaya. Muulizeni mtu wa dawa kwanza, hasa wajawazito na wanaotumia dawa nyingine.

Hadubini

Sahihi kabisa mkuu.

nesi_wa_zamu

Asanteni. La mwisho, ratiba yetu inaenda usiku, halafu jioni, halafu asubuhi. Kila mzunguko tunakuwa wafu. Kuna njia bora?

Hadubini

Igeuzeni. Asubuhi, jioni, usiku, ndo off. Kuzunguka kwa kwenda mbele ni kuchelewa, na nimeshasema saa inapenda kuchelewa. Mnavofanya nyie kila mzunguko mnasafiri kwenda mashariki kama Abuu. Idadi ya watu ile ile, masaa yale yale, hakuna gharama hata shilingi, ni kalamu na karatasi tu.

nesi_wa_zamu

In-charge wetu ndo anayepanga na hapendi kufundishwa. Nitamtumia hii link nijifanye nimetumiwa.

Scania_113

Mwambie imetoka kwa dereva wa lori, atasoma kwa hasira mpaka mwisho